Kopo la faini halikunifunza Kiingereza

Kwa Mhariri,

Wiki jana msomaji wenu mmoja wa Nakuru aliandika katika ukurasa huu kwamba mtu mzima anayetaka kukijua Kiingereza hana budi kukivua Kiswahili mlangoni kama viatu, aingie darasani miguu mitupu. Barua hiyo niliisoma nikiwa nimeketi kwenye boti yangu hapa Dunga, Kisumu, nikiwangoja wageni ambao mvua iliwazuia wasije, kwa hivyo nilipata nafasi ya kuisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikubaliana naye. Mara ya pili nilikumbuka kopo.

Nitafika kwenye kopo. Kwanza mjue kwamba anayewaandikia si mwalimu. Shule niliiacha darasa la saba mwaka 1992, na Kiingereza nilichotoka nacho kilikuwa cha kusomea mabango ya barabarani. Leo ninaendesha boti ya wageni. Asubuhi na mapema tunawapeleka kutazama ndege kwenye mafunjo, jioni tunawatafuta viboko kabla jua halijazama. Mgeni akitoka Nairobi au Eldoret hatuna shida, tunapiga Kiswahili chetu mpaka tunarudi gatini. Akitoka Uholanzi au Marekani, hapo ndipo nahodha hujulikana. Injini zetu zinalingana, bei tunapanga pamoja, na viboko ni wale wale. Kinachotenga boti na boti ni maelezo.

Sasa sikieni yaliyonipata. Jioni moja nilikuwa na familia ya wageni watano. Tulipokaribia kundi la viboko nilizima injini, nikataka kuwaonya wasining'inize mikono majini, maana kiboko si ng'ombe. Kichwani sentensi ilikuwa tayari: kiboko anaua watu. Nikaitoa kama ilivyo: "The hippo is killing people." Mama wa familia akasimama wima. "Where?" Mimi nikadhani anauliza kiboko yuko wapi, nikamnyooshea kidole: pale, masikio mawili na pua juu ya maji, ametulia kama mzee aliyeshiba. Akazidi kupiga kelele. Mumewe naye akainuka, boti ikalala upande, kijana wao akatoa simu akaanza kurekodi. Nikapaza sauti, "You, sit down!" nikimkusudia yule mama peke yake. Wakaketi wote watano, pamoja na msaidizi wangu, kwa sababu Kiingereza hakina wewe na ninyi. "You" ni ya mmoja na ni ya umati. Kosa hilo angalau lilituokoa.

Nilipokanyaga nchi kavu nilijiandikisha darasa la jioni. Sisi wa rika langu bado tunaliita ngumbaru. Lilikuwa katika chumba cha kukodi huko Nyalenda, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili unusu hadi saa mbili. Walikuwemo makanga wawili, mlinzi wa usiku aliyekuwa akitoka mapema kwenda kazini, mama anayeshona sare za shule karibu na soko la Kibuye, na wengine ambao hawakukaa sana. Mwalimu alikuwa mtu mwema, mwenye bidii, na moyo wake siulaumu. Lakini juu ya meza aliweka kopo la majani ya chai, kifuniko kimetobolewa tundu, na kila aliyetamka neno la Kiswahili au la Kijaluo alitia Sh20. Kuuliza maana ya neno kwa Kiswahili, Sh20. Kumwomba jirani kalamu kwa Kijaluo, Sh20. Katika miezi mitatu nililipa Sh260. Hesabu naijua kwa sababu niliiandika nyuma ya daftari pamoja na ya mafuta ya boti.

Wenye umri wangu wataelewa kwa nini kopo lile lilinichoma kuliko lilivyouchoma mfuko. Shule ya msingi tulikuwa na diski, kipande cha ubao chenye kamba. Aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani alivikwa shingoni, akaivaa mpaka amnase mwenzake, na aliyepatikana nayo jioni alichapwa. Nilichojifunza kwa diski ni kunyamaza na kuwapeleleza rafiki zangu. Sasa baada ya miaka 30 hivi nilijikuta pale pale, baba wa watoto wanne, nimefumba mdomo darasani kwa sababu swali langu kwa Kiswahili ni Sh20 na kwa Kiingereza sijui kuliuliza.

Mazoezi yetu yalikuwa ya kujaza mapengo. Unapewa sentensi yenye pengo, kitenzi kiko kwenye mabano, wewe unakiandika kwa umbo lake. Mary, pengo, "to the market every day". Unaandika "goes". Nilikuwa hodari kweli. Nilipata 18 kwa 20, nikapata 19. Halafu Jumamosi naingia ziwani na kutamka mambo yale yale ya "is killing". Nilijishangaa, hadi nilipoushtukia ujanja wa kitabu: hiyo "every day" imekaa mwisho wa sentensi ikikukonyeza. Ukiiona unatia "s". Ukiona "now" unatia "ing". Nilikuwa nafuata kibao cha njia, wala sikuwa nachagua kitu. Majini hakuna anayekuwekea "every day", na kitenzi lazima ukitafute mwenyewe. Na sentensi zenyewe! Theluji imeanguka, treni ya London imechelewa, mjomba anakata nyasi za bustani. Miezi mitatu mizima sikukutana na nanga, wala kasia, wala samaki hata mmoja.

Kanuni nayo tuliinakili ubaoni kwa mwandiko mzuri, yote kwa Kiingereza, kwamba umbo hili ni la mambo ya mazoea na lile ni la jambo linalotendeka wakati wa kusema. Niliikariri. Ungeniamsha usiku wa manane ningekusomea. Lakini ilikaa kichwani kama mzigo niliowekewa na mtu wa kuja kuuchukua baadaye.

Ndipo Alhamisi moja yule mama mshonaji, aliyeketi nyuma yangu, akaniinamia akanong'ona: "Si ni 'huua' na 'anaua' tu?"

Mwalimu ana masikio. Mama akatia Sh20 koponi. Katika fedha zote zilizoingia kopo lile, nadhani ni hizo tu zilizonunua kitu.

Maana mama alikuwa amelitegua tego. Kiboko huua watu: ndiyo tabia yake, jana, leo na kesho, hata kama sasa hivi anasinzia. Kiboko anaua watu: hapo piga mbizi. Sisi katika mazungumzo tumeizembea hu-, tumeiachia methali na mahubiri, tukaibebesha -na- kazi zote mbili. Tukisema fulani anakunywa pombe, huenda ni mlevi wa miaka, au huenda ameshika glasi dakika hii, na msikilizaji anapambanua mwenyewe. Kiingereza hakimwachii msikilizaji kazi hiyo. Tangu siku ile, kabla sijafungua mdomo najiuliza kimoyomoyo: hapa hu- ingekubali? Ikikubali, nasema "kills", "eats", "sleeps". Ikikataa, natafuta "is" na "ing". Viboko hula nyasi usiku, "hippos eat grass at night". Sijamsimamisha mgeni mwingine tena.

Kutoka hapo nikaanza kuwinda mwenyewe. Mgeni aliniuliza kwa nini kiboko mmoja hasogei. "He has slept," nikajibu. Amelala, sivyo? Mgeni akasema vizuri, basi kama amemaliza usingizi tumsogelee tumpige picha. Nusura moyo unitoke. Nilipaswa kusema "he is asleep". Hii -me- yetu ni tamu lakini ina nyuso mbili. Katika "amefika" na "amekula" inakwenda bega kwa bega na "has arrived" na "has eaten". Katika "amelala", "amesimama", "amevaa", "amechoka", tunaeleza hali aliyo nayo mtu sasa, na hapo Kiingereza kinataka "is". Vitenzi vya namna hiyo nimeviorodhesha kwenye kipande cha katoni nilichokibandika ndani ya sanduku la vifaa, kando ya plagi za akiba. Tena sisi husema "nimemwona mamba hapa mwaka jana" na hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza, ukishautaja mwaka jana ile "have" inaondoka, unabaki na "I saw".

Kilichonitoa jasho zaidi ni "a" na "the". Tuliambiwa Kiswahili hakina kitu kama hicho, kwa hivyo tukariri. Si kweli kabisa. Nikimuuliza msaidizi wangu "Umeleta kasia?", nataka kasia, lolote lile. Nikimuuliza "Umelileta kasia?", yeye anajua ni lile lililopasuka mpini tukalifunga kwa waya, tuliloliongelea asubuhi. Ile -li- ya katikati inafanya kazi ya "the". Haifanyi hivyo kila mahali, kwa mfano kwa watu na wanyama tunasema "nimemwona" vyovyote iwavyo. Lakini kasia lilitosha kunifumbua macho: "the" humwambia msikilizaji kwamba kitu hiki wewe unakijua tayari. Kabla ya hapo nilikuwa nikiinyunyiza tu, kama chumvi ya mtu asiyeonja.

Kosa lililonitisha kupita yote halikuwa hata na kitenzi. Baba mmoja wa kigeni alikuja na mtoto wa kama miaka mitano. Majaketi ya kuokolea nilikuwa nimegawa, yaliyobaki ni ya watu wazima. Akauliza, "You don't have a small one?" Nikajibu, "Yes." Kwetu hiyo ni ndiyo, umesema kweli, hatuna. Yeye akasikia kwamba tunalo. Akanyoosha mkono akingoja. Mimi nikadhani anataka kunisalimia, nikampa mkono. Tukatikisana mikono pale gatini, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Mwishowe tulielewana, nikaazima jaketi dogo boti ya jirani, lakini usiku sikulala vizuri nikifikiria nahodha mwenye haraka kuliko mimi na mzazi mwenye subira kidogo kuliko yule. Kiswahili hujibu kauli ya muulizaji. Kiingereza hujibu jambo lenyewe: kama kitu hakipo ni "no", hata swali likija kichwa chini. Somo hilo halikuwemo katika mapengo ya kitabu chetu, na mwalimu asingeweza kulieleza bila kutaja "ndiyo" na "hapana", yaani bila kulipa Sh40.

Mengine ni ya mdomo kuzoea. Kiswahili kina yeye, Kijaluo kina "en", mume na mke wote humo, kwa hivyo wake za watu nimewaita "he" mara nyingi na bado hunitoka nikichoka. Kijaluo hakina sauti ya "sh", na "fish" yangu ilikuwa "fis" kwa muda mrefu, jambo baya kwa mtu wa ziwani. Lakini "th" tunayo tangu utotoni, haikunipa taabu. Makanga mmoja, mtu wa mbali na maji, alikuwa akisema "I sink so", yaani nazama, badala ya "I think so", na kila alipolitamka mimi mwenye boti nilihisi baridi.

Msomaji wa Nakuru ana hoja moja nzito, nami siikwepi. Anasema Kiswahili hukudanganya ukakitafsiri neno kwa neno. Ni kweli. Nimewahi kuwaambia wageni "I am hearing a smell of fish", na mafuta yakipungua nilikuwa nikitangaza "I have remained with two litres". Lakini nilirekebishwaje? Binti yangu aliniambia, kwa Kiswahili, kwamba kusikia kwetu ni kwa masikio, kwa pua na hata kwa tumbo, maana njaa pia tunaisikia, ila "hear" ya Waingereza ni ya masikio peke yake. Sekunde kumi, kwisha. Kiswahili kimo kichwani mwangu, kopo liwepo lisiwepo. Faini inakizuia tu kisifike mdomoni, mahali ambapo mwalimu angekiona na kukinyoosha.

Asije mtu akadhani nayakataa mazoezi. Nayapenda, tena nayataka yawe ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Jioni nikiosha boti yeye hukaa kwenye ubao akajifanya mgeni, mara wa Canada, mara bibi kizee asiyesikia vizuri, akaniuliza maswali kumi. Sheria yetu ni kwamba hanikatizi. Makosa anayaandika kwenye kiganja kwa kalamu, na nikimaliza ananisomea, ananieleza kwa lugha yoyote ile, kisha narudia sentensi hiyo mara tatu. Hunicheka kwamba sarufi naisumbukia kuliko mtahiniwa. Katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, anasema, sarufi ni alama 15 tu kati ya 80. Namjibu kwamba wale wa alama hawawezi kuzama.

Ombi langu kwa wanaoendesha madarasa ya jioni hapa Kisumu na kwingineko ni dogo. Vunjeni kopo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, imezifanya Kiswahili na Kiingereza lugha rasmi zote mbili, sioni kwa nini mojawapo itozwe faini chumbani Nyalenda. Mwalimu achukue dakika kumi aeleze jambo kwa Kiswahili, likishaingia, saa nzima iliyobaki iwe Kiingereza kitupu, hata cha kuchechemea. Na kila mwanafunzi aje na sentensi kumi za kazi yake. Makanga ana habari za chenji na za mlango. Mlinzi anataka kujua namna ya kumuuliza mtu mwenye gari kubwa anaenda kwa nani bila kumkera. Alikuwa akisema "What do you want?", akashangaa kwa nini watu wananuna, mpaka mama mshonaji alipomwonyesha kwamba "would" ni ile -nge- yetu ya adabu: ungependa kumwona nani, "who would you like to see?" Hilo nalo lilinong'onwa, na nalo lililipiwa.

Nawe Mhariri, kama pana kona gazetini, hata ya upana wa tangazo la kiwanja, waachieni wasomaji waandike sentensi wanazokwama nazo kazini, na wajuzi wazinyooshe. Mimi naanza na yangu.

Mwezi uliopita mgeni aliteleza kwenye ubao wa gati akachubuka goti. Nikamwambia "Sorry." Akanitazama akasema, "It's not your fault." Nikaona haya kama mtu aliyekiri kosa la mwenzake. Nilitaka kumwambia pole, basi. Binti anapendekeza "Are you okay?", lakini hilo ni swali, na pole haiulizi kitu. Mwalimu wangu wa zamani nilikutana naye stejini, akafikiri mpaka matatu yake ikaondoka. Anayejua aandike upesi. Kuna kundi linakuja Jumamosi, na ule ubao bado unateleza.

Nahodha wa boti,
Dunga, Kisumu